Kompyuta ya mezani ya zamani inazimazima na kuganda: jinsi ya kuusaka ubovu hatua kwa hatua

Kompyuta ya mezani iliyotumika miaka kumi au zaidi bado ina kazi nyingi ndani yake: kuandika, kupiga hesabu, kuperuzi, kusomeshea watoto. Nyingi hutupwa kabla ya wakati kwa sababu ya ile tabia ya kukatika katikati ya kazi. Leo inazima, kesho inaganda, keshokutwa inaleta skrini ya bluu ya kosa, mpaka mwenyewe anakata tamaa. Wengi wakifika hapo hukimbilia kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Mimi hatua hiyo naiweka mwisho kabisa. Inafuta kumbukumbu za ajali zilizopita, ambazo ndizo ushahidi wako, na katika mashine kuukuu ubovu mara nyingi uko kwenye vifaa, ambavyo Windows mpya haiwezi kuvitibu.

Andaa bisibisi ya nyota, brashi laini, flashi ya GB 8 au zaidi, diski ya nje, daftari na kalamu. Multimita (kipimo cha umeme) ukiwa nayo itakusaidia mbele. Daftari usilidharau: kila ajali iandike siku, saa, ulichokuwa unafanya na ulichokiona kwenye skrini. Na kila unapojaribu dawa, badilisha kitu kimoja tu, kisha ungoje uone. Ukisafisha vumbi, ukabadili RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kuweka draiva mpya (programu inayoendesha kifaa) siku hiyo hiyo, kompyuta ikipona hutajua kilichoiponya, na ikirudia hutajua pa kuanzia.

Hatua ya 1: Okoa mafaili yako kwanza

Kabla ya kupima chochote, nakili picha, nyaraka na kila usichotaka kukipoteza kwenye diski ya nje. Vipimo vingine vitakavyofuata vinaichosha diski, na kama diski yenyewe ndiyo mgonjwa, huenda kipimo kikawa pigo la mwisho. Anza na vile ambavyo huwezi kuvipata tena popote. Filamu na programu zitasubiri. Kompyuta ikizima katikati ya kunakili, iache ipoe, iwashe tena, endelea na folda ndogo ndogo.

Hatua ya 2: Tambua inakufa vipi, na lini

Watu husema "inazima" kwa mambo yaliyo tofauti kabisa, na tofauti hizo ndizo zinazoonyesha pa kutazama.

Ikikata ghafla, feni na taa zote zikafa kwa pamoja, washukiwa wakuu ni joto na pawa saplai (kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme). Ikikataa kuwaka mpaka ipumzike kwa muda, joto lipe nafasi ya kwanza. Ikikata pale tu unapofungua mchezo au kazi nzito, joto na pawa saplai bado ziko pamoja, na itabidi uzitenganishe kwa vipimo.

Ikijiwasha upya yenyewe, inaweza kuwa umeme, au inaweza kuwa skrini ya bluu ambayo hukupewa nafasi ya kuisoma. Hili tutalirekebisha katika hatua inayofuata.

Ikiganda, bonyeza kitufe cha Caps Lock na utazame taa yake kwenye kibodi. Taa ikiwaka na kuzimika unapobonyeza, kiini cha mfumo bado kiko hai, na tatizo huenda ni programu au diski iliyochelewa kujibu. Taa isipobadilika, mashine nzima imesimama, na hapo nashuku RAM, kadi ya picha au ubao mama (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote). Kama kipanya kinatembea, madirisha hayajibu, na taa ya diski kwenye kasha inawaka mfululizo bila kupepesa, rukia hatua ya 7.

Kuna dalili moja ambayo mafundi wazoefu huitambua mapema: asubuhi kompyuta inagoma, inazima mara mbili tatu, halafu ikishapata joto inakaa siku nzima bila shida. Hiyo ni tabia ya kapasita (vijikopo vidogo vinavyohifadhi umeme) zilizochoka, ama ndani ya pawa saplai ama kwenye ubao mama.

Hatua ya 3: Soma alichoandika Windows

Anza kwa kuizuia isijiwashe upya kabla hujasoma kosa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `sysdm.cpl`, bonyeza Enter. Nenda kwenye kichupo cha Advanced, sehemu ya Startup and Recovery, bofya Settings, kisha ondoa tiki kwenye Automatically restart. Kuanzia hapo skrini ya bluu itabaki mpaka uizime mwenyewe. Ipige picha kwa simu.

Kisha bonyeza tena Windows na R, andika `perfmon /rel`. Utaona kalenda ya uimara wa kompyuta yako, siku kwa siku, na alama nyekundu pale mambo yalipoharibika. Tazama alama hizo zilianza lini, na siku hiyo kiliwekwa nini: draiva, programu, sasisho. Ukurasa huu mmoja unaweza kukuokolea siku nzima ya kubahatisha, na wenye kompyuta wengi hawajawahi kuufungua.

Ukihitaji undani, fungua Event Viewer, nenda Windows Logs, kisha System. Utakutana na Kernel-Power namba 41. Wengi huisoma hiyo kama hukumu dhidi ya pawa saplai, lakini maana yake ni kwamba kompyuta ilizimika bila kufuata utaratibu, basi. Ifungue, tazama BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata nafasi ya kuandika kosa lolote: umeme ulikatika, mashine iliganda kabisa, au mtu alishikilia kitufe cha kuzimia. Ikiwa ni namba nyingine, ilikuwa skrini ya bluu. Namba hiyo imeandikwa kwa desimali, kwa hiyo 292 ndiyo 0x124 na 26 ndiyo 0x1A.

Baadhi ya misimbo inasema waziwazi. `WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR`, yaani 0x124, ni malalamiko ya vifaa vyenyewe: prosesa (ubongo wa kompyuta), joto, umeme au ubao mama. `MEMORY_MANAGEMENT`, 0x1A, hunipeleka kwenye RAM. `KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR`, 0x7A, maana yake Windows ilitaka kusoma data kutoka diski ikashindwa. Tazama diski na kebo yake. `VIDEO_TDR_FAILURE`, 0x116, ni kadi ya picha au draiva yake. `DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL`, 0xD1, mara nyingi ni draiva.

Windows huhifadhi pia mafaili madogo ya ajali katika `C:\Windows\Minidump`. Programu ya bure ya BlueScreenView kutoka NirSoft huyafungua na kukuonyesha faili lililohusika. Likitajwa `ntoskrnl.exe`, usilifukuzie, kwa kuwa hilo ni kiini cha Windows chenyewe na hutajwa hata pale mkosaji alipo kwingine. Jambo la kutazama ni mpangilio: draiva ile ile ikijirudia kila ajali, umeshampata mshukiwa, majina yakibadilika kila mara bila mpango, pima RAM.

Hatua ya 4: Vumbi na joto

Sakinisha HWiNFO au HWMonitor utazame nyuzi joto za prosesa. Ikiwa imetulia, kati ya 30 na 50 za Selsiasi ni kawaida. Kwenye kazi nzito, chini ya 80 sina wasiwasi. Ikivuka 90, shughulikia leo hii. Prosesa nyingi za Intel hukaribia kikomo chake kwenye nyuzi 100. Hupunguza kasi kwanza, na joto likizidi kupanda hujizima ili zisiungue. Baadhi ya prosesa za zamani za AMD zina kikomo cha chini zaidi ya hapo.

Kusafisha: zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa vifaa ili umeme tuli wa mwilini uishie hapo. Fungua ubavu wa kasha na utoe vumbi kwa brashi laini na hewa ya kopo. Zishike feni kwa kidole zisizunguke unapopuliza. Vumbi baya zaidi halionekani kwa juu: limejikunja kama blanketi kati ya feni ya prosesa na mapezi ya hitisinki (chuma kinachonyonya joto la prosesa). Ikibidi, fungua skrubu za feni uitenganishe ili ulifikie. Usiingize mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani ukagusa ubao. Huzalisha umeme tuli.

Zungusha kila feni kwa kidole. Inayokwaruza au kusita ibadilishe. Katika kompyuta nyingi za Intel hitisinki imeshikwa kwa pini nne za plastiki, na pini moja ikichomoka hitisinki hubaki imeinama na prosesa huchemka hata kama feni inazunguka vizuri. Zikague zote nne.

Ikiwa joto bado liko juu, huenda pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na hitisinki imekauka. Washa kompyuta dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa, kisha zungusha hitisinki taratibu kulia na kushoto kabla ya kuiinua. Ukiivuta moja kwa moja kwenye AMD za zamani, prosesa inaweza kung'oka nayo na kupinda miguu yake. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili, weka tone dogo jipya katikati, rudisha hitisinki na uikaze kwa kupishanisha pembe.

Hatua ya 5: Iendeshe kwa Linux ya flashi

Fanya hivi baada ya kusafisha, kabla ya kununua kifaa chochote. Weka Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayoweza kuchukua nafasi ya Windows, kwenye flashi, iwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo bila kusakinisha kitu, na uitumie kwa saa kadhaa: fungua tovuti, cheza video.

Ikizima au kuganda huko pia, Windows na draiva zake hazina hatia. Endelea na vifaa. Ikitulia kabisa, washukiwa wamebaki Windows, draiva, na diski. Diski naitaja kwa sababu Linux ya flashi haiitegemei, kwa hiyo kipimo hiki hakiisafishi jina. Na kama ajali zako hutokea kwenye michezo pekee, utulivu wa kuperuzi haujathibitisha chochote kuhusu kadi ya picha.

Hatua ya 6: RAM

Chukua Memtest86+, programu ya bure inayojiwasha kutoka flashi. Kuanzia toleo la 6 inafanya kazi kwenye kompyuta za BIOS ya zamani (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) na za UEFI, mrithi wake, pia. Iache ifanye kazi usiku kucha. Hapa hakuna kosa dogo: mstari mmoja mwekundu unatosha kusema kuna tatizo.

Ukipata makosa, usitupe RAM bado. Zima, chomoa umeme, toa vipande vyote, sugua taratibu meno yake ya dhahabu kwa ufutio mweupe, pangusa mabaki, puliza sloti, na urudishe kipande kimoja tu mpaka ndoano zibane zenyewe. Pima. Kisha kipande cha pili katika sloti ile ile. Kosa likimfuata kipande, kipande ni kibovu. Likibaki kwenye sloti hata ukibadili vipande, sloti au ubao mama ndio wenye shida. Vipande vyote vikiwa safi vikiwa peke yake na makosa yakatokea vikiwa pamoja, huenda havipatani kasi; hilo huwapata sana walioongeza RAM ya kuokoteza.

Hatua ya 7: Diski

CrystalDiskInfo itakusomea ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe. Kwenye Linux, amri ni `sudo smartctl -a /dev/sda`. Katika diski za kuzunguka, tazama mistari minne: 05, idadi ya sekta zilizoharibika zikabadilishwa, C5, sekta zinazosubiri uamuzi, C6, sekta zilizoshindikana kusomeka, na C7, makosa ya mawasiliano. Ikiwa C5 na C6 si sifuri, nakili kilichobaki na upange kuibadilisha diski. Namba ya 05 ikiwa ndogo na imetulia kwa miezi, unaweza kuivumilia huku ukiitazama. Ikipanda wiki hadi wiki, diski inakwenda.

C7 ni ya aina yake, na imewafanya wengi watupe diski nzima isiyo na kosa. Mara nyingi humaanisha kebo ya SATA (inayounganisha diski na ubao mama) imelegea au imechoka. Badilisha kebo, ambayo ni kifaa cha bei ndogo, kisha tazama kama namba inaendelea kupanda. Haitarudi sifuri, inatakiwa isimame tu ilipo.

Amri ya `chkdsk C: /r` itumie baada ya kuokoa mafaili, kamwe si kabla. Hupitia diski yote sekta kwa sekta, na diski inayokaribia kufa haistahimili hilo.

Hatua ya 8: Umeme, kitufe na kapasita

Anza nje. Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani, bila kebo ya kurefusha wala UPS (kifaa cha betri cha kushikilia umeme). UPS yenye betri iliyokufa inaweza yenyewe kuikatia kompyuta umeme. Badilisha waya wa umeme. Huo ukilegea nyuma ya kasha, kutikisa meza kunatosha kuizima.

Kisha kagua kitufe cha mbele cha kuwashia. Vitufe vya zamani hukwama ndani, na kitufe kilichobanwa kwa sekunde kama nne huilazimisha kompyuta kuzimika. Ukikishuku, washa kompyuta, kisha chomoa kwa uangalifu ule waya mdogo wa kitufe kwenye ubao mama na uitumie hivyo. Ikitulia, umempata mkosaji.

Ukiwa na multimita, pima kwenye plagi ya pawa saplai yenye nyaya nne huku kompyuta ikifanya kazi. Mweusi ni wa ardhini. Wa manjano unatakiwa kuwa kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Namba ikiwa nje ya hapo, pawa saplai ni mbovu. Ikiwa ndani, bado hujaiondolea lawama, maana multimita haioni volti zinazoporomoka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kipimo cha kweli ni kuazima pawa saplai nzima na kuijaribu. Usiifungue pawa saplai kwa hali yoyote. Kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Kwenye ubao mama, tazama kapasita za mviringo zilizo karibu na prosesa. Kichwa chake kinatakiwa kuwa bapa. Kilichovimba, au chenye ukoko wa kahawia uliovuja, kimekufa. Ubovu huu ulienea mno kwenye mbao zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilizowekewa kapasita zenye kimiminika kibovu. Fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu anaweza kuzibadilisha.

Ukiona saa ya kompyuta inarudi nyuma kila ukichomoa umeme, betri ya CR2032 imeisha. Mpya hutoa volti 3 au zaidi kidogo. Kabla ya kuitoa, ingia BIOS uandike kama SATA iko kwenye AHCI au IDE (njia mbili za kuwasiliana na diski), kwa kuwa mipangilio itajifuta. Ukiirudisha tofauti na ilivyokuwa, Windows inaweza kugoma kuwaka ikileta `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`. Kama kuna mtu aliwahi kuipandisha prosesa kasi, kurudisha mipangilio ya kiwandani kutalimaliza na hilo pia.

Hatua ya 9: Punguza vifaa

Chomoa printa, kamera, kadi za ziada, diski ya pili. Kama ubao mama una tundu lake la skrini, toa kadi ya picha na uchomeke skrini hapo. Iendeshe hivyo kwa siku kadhaa, kisha rudisha kimoja kimoja.

Hatua ya 10: Sasa ndipo Windows

Vifaa vikiwa safi, fungua Command Prompt kama msimamizi. Endesha `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, ikimalizika endesha `sfc /scannow`. Ya kwanza hutengeneza ghala la mafaili ya Windows, ya pili hulitumia ghala hilo kurekebisha yaliyoharibika. Draiva iliyotajwa na BlueScreenView iondoe au irudishe toleo la awali kupitia Device Manager. Kama una programu mbili za kupambana na virusi, ondoa moja. Hugombana ndani kabisa ya mfumo.

Yote hayo yakishindikana, weka mfumo upya. Kumbuka kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (kifaa cha usalama) na prosesa ambazo kompyuta nyingi za umri huu hazina. Kwa kazi za kawaida, Linux Mint ya Xfce inaifaa zaidi mashine ya namna hii, na tayari uliionja katika hatua ya 5.

Kujua kama imepona

Rudi kwenye daftari. Kama ilikuwa inazima kila baada ya siku tatu, siku moja ya utulivu haisemi kitu. Ningesubiri angalau mara mbili ya muda mrefu kuliko wote iliowahi kukaa bila ajali, huku nikiipa kazi zile zile zilizokuwa zikiiangusha.

Na kama umebadilisha RAM, pawa saplai, diski na kebo, joto liko chini, Linux nayo inaanguka, aliyebaki ni ubao mama, au kwa nadra prosesa. Kutafuta ubao wa umri huo mara nyingi hakulipi. Toa diski, RAM na pawa saplai ulizothibitisha ni nzima, ziandikie tarehe ya kipimo, uzihifadhi. Diski unaweza kuisoma kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya SATA kwenda USB. Ya inchi 3.5 itahitaji adapta yake ya umeme, kwa kuwa USB peke yake haiwezi kuizungusha.